Hiace ya kaka, mtoto wa nani?

Wiki hii karibu ujumbe wote ulihusu jambo moja: mzazi mwenye nacho anayefika mbele ya hakimu kwenye kesi ya matunzo ya mtoto akiwa "hana kitu".

Mzazi mwenzangu ana Hiace mbili za Moshi–Arusha, lakini kadi zina jina la kaka yake. Mahakamani alisema yeye ni deiwaka tu, dereva wa kibarua. Nifanyeje? (Mama wa wawili, Pasua)

Dada, usipigane na kadi. Kadi inaonyesha gari limesajiliwa kwa jina la nani. Haisemi hesabu ya jioni anapelekewa nani. Hilo konda analijua, na fundi anajua nani hutoa hela ya tairi. Wakiogopa kupoteza vibarua vyao, omba mahakama iwaite kwa hati ya wito. Omba pia iagize taarifa zake za benki na miamala ya simu. Usimchukulie simu usiku ukaipekua, utajiletea kesi nyingine.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hakimu apime kipato na mali za wazazi wote wawili, pamoja na gharama za maisha ya pale mtoto anapoishi. Kwa hiyo na wewe utaulizwa. Nenda na risiti za ada, za hospitali, na daftari la mangi mwenye duka. Nimewahi kuona daftari la kukopea, limelowa mafuta kwenye pembe, unga na sabuni vimeandikwa kwa tarehe, likafanya kazi ambayo machozi ya mwezi mzima hayakuifanya.

Amri ya matunzo ninayo, mwaka wa pili huu hajatoa hata senti. Sasa nasikia anatafuta mteja wa kiwanja chake cha Njiro. (Mtalaka, Arusha)

Amri haijitekelezi yenyewe. Rudi mahakama iliyoitoa ukaombe kukazia hukumu: mali ikamatwe, au mshahara ukatwe kwa mwajiri kama ameajiriwa. Kiwanja kifanyie upekuzi ofisi ya ardhi, kisha omba zuio wiki hii hii. Kwa kuwa mlifunga ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kutengua mauzo yaliyofanywa kwa hila ili kukwepa matunzo. Ila mnunuzi aliyelipa pesa yake kwa nia njema hulindwa, na hapo ndipo wengi huchelewa.

Baba mtoto ni mwongoza watalii mlimani, hana mshahara, anaishi kwa tipu. Atakatwa nini? (Marangu)

Kukosa hati ya mshahara si kukosa kipato. Mahakama inaweza kuagiza malipo ya kila kipindi au ya mkupuo. Mimi ningependekeza kiwango kinachofuata msimu: kizito wageni wanapojaa, chepesi masika. Kiwango kimoja cha mwaka mzima humpa kisingizio kila Aprili.

Halipi. Naruhusiwa kumnyima mtoto?

Hapana. Kumwona baba ni haki ya mtoto, si risiti ya malipo. Ukimficha, ofisa ustawi wa jamii atakayeandika ripoti ataandika na hilo.

Binti yangu anatimiza miaka 18 mwezi ujao, yuko chuo. Matunzo yanakoma?

Kwa kawaida ndiyo, lakini mahakama inaweza kuendeleza amri akiwa bado masomoni. Peleka maombi kabla ya siku hiyo, pamoja na barua ya chuo.