Sisimizi wanaouma kwenye nyasi: kwa vijana wanaoanza kazi ya bustani Mombasa

Mdogo wangu, ukipata kazi ya kutunza bustani Nyali, Kizingo au Shanzu, jiandae kwa malalamiko haya kabla ya mengine yote: watoto hawawezi kucheza kwenye nyasi, wanaumwa. Utayasikia zaidi mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi inapolegea na joto halipungui hata usiku, kisha tena mvua kubwa zikianza na tundu zikaibuka kila mahali. Mwenye nyumba atakuletea kopo la dawa ya kupulizia na atataka uanze pale pale. Mwombe kwa adabu akupe siku moja ya kuangalia kwanza. Katika kazi hii unaowaona juu ya nyasi si unaowatafuta. Unayemtafuta ni malkia, naye yuko chini, hapandi juu hata siku moja.

Anza kwa kujua ni mdudu gani, maana wanaouma ni wengi na hawatibiwi namna moja. Siafu wakipita kwa msururu, waache wapite. Hao hawana makao ya kudumu kwenye nyasi zako. Wanawinda mende na wadudu wengine, kisha wanahama. Kazi yako hapo ni kuondoa watoto, kufungua kuku na sungura waliofungiwa, na kungoja.

Majimoto nao ni wa juu ya miti. Ukiona majani ya mwembe yameshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe, hilo ni kao lao. Wanauma vibaya ukipanda kuchuma, lakini nakusihi usiwaue. Wakulima wa minazi wa pwani wanawathamini kwa sababu wanamfukuza kunguni wa minazi, yule anayefyonza vidafu vichanga vikapukutika kabla ya kukomaa. Mwenye nyumba akikuambia uchome viota vyao, mweleze hivyo, na umwonyeshe nazi zake.

Wa tatu ndio wanaokuhusu hasa: sisimizi wadogo wa rangi ya hudhurungi wanaochimba chini ya nyasi za Pemba na kwenye mishono ya kabro. Piga magoti karibu na tundu, gusa udongo kwa kijiti, utazame wanaotoka. Wengi watakuwa wembamba, lakini kati yao utaona wachache wenye kichwa kikubwa kupita kiasi, kama kimebandikwa kutoka kwa mdudu mwingine. Hao wataalamu wanawaita Pheidole megacephala, na wamesambaa pwani yetu yote. Kuuma kwao hakufikii siafu, ila mtoto akikaa juu ya tundu wanampanda kwa wingi. Ubaya wao mwingine ni mkubwa zaidi: wanawatimua majimoto kwenye minazi, na wanawachunga wale wadudu weupe kama pamba wanaonyonya mistafeli na maua ya bustani, kwa sababu wanapenda ute mtamu wanaoutoa. Kwa hiyo ukiwapunguza kwenye nyasi, miti nayo inapata nafuu.

Sasa, ukitafuta ushauri kwenye simu utakutana sana na habari za sisimizi wa moto wa Marekani. Wasome, una mengi ya kujifunza, ila usidhani kila mdudu mwekundu wa hapa ndiye huyo. Jina lake la kitaalamu ni Solenopsis invicta. Kwao ni Amerika Kusini, na waliingia Marekani miaka ya 1930 kupitia bandari ya Mobile, jimbo la Alabama. Leo wametanda kusini yote ya nchi hiyo, na mwaka 2001 waligunduliwa Brisbane, Australia. Tundu lao ni kilima cha udongo laini kisicho na mlango juu. Ukikigusa wanatoka kwa mamia na kupanda fimbo yako. Kila anayechoma anashika ngozi kwa meno kwanza, kisha anachoma kwa mwiba wa nyuma, tena na tena, na kesho yake panatokea kipele chenye kichwa cheupe. Nakueleza haya kwa undani kwa sababu na sisi tunakaa kwenye mji wa bandari, na makontena yanashuka kila siku. Ukikuta kilima cha namna hiyo na vipele vya namna hiyo, usikivuruge. Piga picha, weka wadudu wachache kwenye chupa yenye spiriti, upeleke KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, ambao wana ofisi hapa Mombasa.

Njia waliyoizoea Wamarekani ndiyo inayofaa pia kwa wetu: chambo chenye sumu dhaifu. Wengi hawaamini neno dhaifu, wanataka kitu kikali. Lakini fikiria chakula kinavyosafiri mle ndani. Kwa wale sisimizi wa moto, mfanyakazi mzima hawezi kumeza kitu kigumu. Anakibeba hadi kwa mabuu wakubwa, wao wanakisaga na kukirudisha kikiwa maji, na maji hayo ndiyo yanayopitishwa mdomo kwa mdomo hadi kwa malkia. Safari hiyo inachukua muda. Sumu ikiua haraka, mbebaji anafia njiani na malkia anabaki salama akitaga. Kopo la kupulizia lina tatizo hilo hilo na zaidi: linaua walioguswa, waliobaki wanashuka chini au wanahama hatua chache kando. Hawa wetu wenye vichwa vikubwa wana malkia wengi katika kao moja, na kundi likigawanyika linaanza kao jipya. Ndiyo maana unaweza kupulizia sehemu moja leo, ukawakuta sehemu tatu baadaye.

Kabla ya kuweka chambo, wajaribu kama wana njaa na wanataka nini. Wamarekani wanatumia krispi za viazi. Sisi tuna krispi za muhogo, zinauzwa kila kona kuanzia Mama Ngina mpaka Mtwapa, na zina mafuta ya kutosha. Chukua zisizo na pilipili. Weka kipande kimoja kwenye nyasi, na kando yake kifuniko cha soda chenye maji ya sukari. Rudi baada ya nusu saa. Wakijaa kwenye krispi, wanataka mafuta. Wakijaa kwenye kifuniko, wanataka tamu. Wasipokuja kabisa, saa hiyo si yao, na chambo chako kitaharibika bure. Katika miezi ya joto hawatoki mchana, ardhi inawaka. Jaribu baada ya alasiri, jua likishashuka, au magharibi kabisa.

Wakitaka tamu, chambo utakitengeneza mwenyewe: lita moja ya maji ya vuguvugu, gramu 100 za sukari, na gramu 10 za asidi ya boriki, ule unga mweupe unaouzwa kuulia mende. Pima kwa mizani, usikadirie, maana ukizidisha boriki wanakikimbia au wanakufa kabla ya kufika. Lowesha pamba, iweke ndani ya chupa ndogo ya plastiki uliyoitoboa matundu membamba, ufunge kifuniko na uandike SUMU kwa wino mzito. Laza chupa kwenye njia yao, si juu ya tundu. Usimwage kwenye udongo, boriki nyingi inaua nyasi. Ongeza chambo kinapokauka, na uendelee kwa wiki kadhaa.

Wakitaka mafuta, nenda agroveti uulize chambo cha chembechembe cha sisimizi. Tazama kwenye lebo namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya dawa za wadudu, na isipokuwepo usinunue hata bei ikiwa nzuri vipi. Chembe hizo zimelowekwa mafuta, na mafuta yakichacha sisimizi hawagusi. Kwa hiyo nunua kidogo, funga vizuri, weka mahali pa baridi, mbali na petroli na mbolea, kwani harufu inashika. Tawanya nyasi zikiwa kavu, na usimwagilie siku hiyo wala inayofuata. Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea: wanaweka chambo jioni, alfajiri wanafungua mpira wa maji kama kawaida. Mwambie na mlinzi wa usiku, maana wengi hufungua maji kabla hujafika.

Tundu lililo karibu na mlango au bembea, lisiloweza kungoja, limwagie maji yanayochemka. Wamarekani wanakadiria lita 8 hadi 11 kwa kilima kimoja, yaani karibu nusu debe, na hata hivyo wanasema hufaulu takriban mara 6 kati ya 10. Yamwage polepole yazame. Nyasi zitaungua hapo, lakini za Pemba hutambaa zikarudi.

Petroli na mafuta ya taa, hapana. Hili sitalizungumzia kwa upole. Mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa matundu, na nyumba nyingi zina kisima uani. Unachomwaga juu leo kinashuka kwenye maji ambayo mtu anaoshea vyombo na kuogea mtoto. Hakuna sisimizi anayestahili gharama hiyo.

Zungumza na mwenye nyumba mapema. Mwambie, "Mama, nitaweka chambo leo, lakini utaendelea kuwaona kwa wiki mbili tatu. Ukiwaona wanakibeba, kazi inakwenda." Usipomwambia, siku ya tatu atapulizia kopo lake juu ya chambo chako, na hapo hawatakigusa tena. Mwulize pia kama kuna paka, mbwa au mtoto anayetambaa, upange chupa zako pale wasipofika.

Wewe mwenyewe vaa buti za mpira na uzipake poda ya kawaida kwa nje, sisimizi wanateleza. Wakikupanda, wapanguse kwa mkono kwa nguvu. Maji peke yake hayawatoi walioshika kwa meno. Osha kwa sabuni, weka barafu, usipasue kipele. Lakini ukimwona mtu ameumwa halafu anavimba uso au midomo, au anapumua kwa shida, acha kila kitu mkimbize hospitali, usingoje dawa ya nyumbani.

Wakati mzuri wa kazi hii yote ni kabla ya mvua za masika, wakiwa bado wanatafuta chakula juu na nyasi ni kavu. Mvua zikishaanza mwezi wa nne, chambo kinalowa kabla hakijabebwa, na itabidi uvizie siku za mapumziko ya mvua. Jambo moja linasahaulika hata na mafundi wa siku nyingi: miche. Sisimizi wengi huingia uani ndani ya vyungu vya maua vilivyonunuliwa barabarani. Kabla ya kupanda mche wowote, zamisha chungu chake kwenye ndoo ya maji hadi udongo ufunikwe, ungoje kidogo. Kama kuna kao ndani, watapanda juu ya maji wakibeba mayai yao meupe, na utawaona kabla hujawapa ardhi.