Barua kwa mwanangu: upande wa jiko

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema umeshalipia safari ya lori la watalii mwezi wa saba, siku 20, Livingstone kule Zambia hadi Cape Town, na sasa usingizi umekuruka: "Baba, nitalalaje hema moja na mtu nisiyemjua hata jina? Nitajuaje nani wa kumwamini?" Umeniuliza mimi kwa kuwa nilipika kwenye malori hayo miaka sita. Haya, ila ukumbuke mimi nilikuwa upande wa jiko. Wewe utakaa upande wa viti, na huko sijawahi kukaa.

Lakini jikoni watu huonekana vizuri. Siku tatu za mwanzo wote ni wema: wanachekeana, wanagawiana biskuti, wanapishana mlangoni. Usichague rafiki siku hizo. Ngoja mchanga uingie kwenye wali.

Mimi nilifunzwa na nyama. Pale Maun, Botswana, niliona nyama ya ng'ombe safi, bei yake nafuu, nikabeba kilo 12. Dereva akaniambia, "Ipike kabla ya geti." Nikaona ananifundisha kazi. Kumbe njia ya kwenda Ghanzi inakatwa na uzio wa mifugo, na Wabotswana hawana mchezo na uzio ule. Wanauza nyama Ulaya, kwa hiyo nyama mbichi ya upande wenye ugonjwa wa miguu na midomo haivuki ng'o. Hata viatu mnakanyaga kwenye dawa. Bwana mifugo akafungua boksi langu la barafu, akatoa kilo zote 12, akatutakia safari njema. Jioni ile watu 18 walikula maharage na kabichi.

Kulikuwa na kijana mwenye gitaa, kipenzi cha lori zima tangu Livingstone. Ndiye aliyesukuma sahani na kuuliza hela yake itarudishwa lini. Na kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mkoromaji, mpaka watu walikuwa wanahamisha mahema usiku wa manane. Kwenye kuota moto alikuwa anakaa peke yake. Yule mama alikuja jikoni bila kuitwa, akavuta kiti, akamenya vitunguu nami mpaka giza likaingia, wala hakusema neno. Tangu siku hiyo nikienda sokoni, ufunguo wa sanduku la chakula nilimwachia yeye.

Kuhusu mwenzako wa hema, muulize usiku wa kwanza kabisa: anaamka saa ngapi, anakoroma, anavuta sigara? Aibu yake ni ya dakika moja. Ukinyamaza, utanuna siku 19.

Hili hukuniuliza. Huenda ukawa Mwafrika peke yako kwenye viti vile. Watakuuliza habari za Namibia kana kwamba umezaliwa Swakopmund. Kambini, mgeni wa lori jingine anaweza kukukabidhi sahani yake chafu akidhani wewe ni wa kwetu jikoni. Mimi ningemwonyesha bomba lilipo, basi. Mipakani, pasipoti yetu haidaiwi viza katika nchi unazopita, lakini usishangae wenzako wakigongewa muhuri upesi nawe ukaulizwa unarudi kwenu lini. Tiketi ya kurudi iwe mkononi, si chini ya begi. Na kadi ya homa ya manjano ubebe, hata wasipoiomba.

Pantoni la Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, hutalipanda. Sisi tulivuka Zambezi kwa pantoni, nyuma ya foleni ya malori ya mizigo ambayo mengine yalilala pale siku kadhaa. Tangu Mei 2021 kuna daraja, mita 923, limepinda makusudi lisiguse Zimbabwe. Ni zuri, silisemi vibaya. Ila foleni ile ndiyo iliyokuwa inatujuanisha. Mtu akikaa juani kwa muda wa saa tano, tabia yake yote inatoka nje.

Beba masweta mawili, tena mazito. Mwezi wa saba jangwani maji huweza kuganda kwenye beseni, na Sossusvlei, kule Namibia, mtaamshwa saa kumi na moja alfajiri kwenda kupanda kilima cha mchanga kinachoitwa Dune 45, kwa kuwa kiko kilomita 45 kutoka geti la Sesriem. Wanaokimbilia kileleni huwa wanashuka wakinung'unika. Wewe panda polepole.

Mkifika Etosha, hifadhi ya wanyama ya Namibia, kambi ya Okaukuejo, usilale mapema. Kuna bwawa wanyama wanakuja kunywa, limewashiwa taa usiku kucha. Kaeni kwenye benchi na hao watu wako usiowajua. Pale hakuna anayeuliza unatoka wapi wala unafanya kazi gani. Kifaru anakunywa, nanyi mmenyamaza.

Mpishi wenu umsalimie siku ya kwanza, kabla hujaona njaa. Zamani zetu wengi tulikuwa Wakenya na Watanzania, kwa hiyo jaribu Kiswahili kwanza. Akiitikia, mwambie baba yako naye alipika kwenye malori. Siku ya wali atakuwekea ukoko.

Baba yako