Riteina yangu ilivyolala kwenye gunia la taka Ngorongoro

Nilitolewa breisi, zile waya za kupanga meno, mwezi Mei nikiwa na miaka 34, na cha kwanza nilichofanya ni kupita soko la Kilombero kununua hindi la kuchoma. Miaka miwili na ushee nilikuwa nimekatazwa. Nililing'ata kwa meno ya mbele nikiwa nimesimama palepale, juisi ya limao na pilipili inanichuruzika kidevuni, na mfukoni nina kiboksi chenye riteina, vifaa vya kuvaa ili meno yaliyopangwa yasirudi yalikotoka, ambazo maelezo yake sikuyasikiliza hata nusu.

"Waya umemaliza kazi, sasa hii ndiyo inaanza," daktari alikuwa amesema. Nikaitikia "sawa dokta" huku nawaza hindi.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana inahusika. Naendesha watalii, na nimekulia Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru. Meno yangu ni ya kahawia kama ya wenzangu wengi tuliokunywa maji yale. Shirika la Afya Duniani linasema floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwetu inapita hapo mbali, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Ukiyanywa utotoni, wakati meno yanaundwa bado yamo ndani ya fizi, yanatoka na madoa. Basi watu walinicheka: meno yenyewe ya kahawia, unayapanga ya nini? Kana kwamba mtu mwenye shati lililopauka haruhusiwi kulipiga pasi.

Lakini rangi ile ilikuja kunigusa kwa namna nyingine. Gundi haishiki vizuri kwenye jino lililoathiriwa sana na floridi. Vile vibati vya breisi vilinibanduka mara tano. Ndiyo maana daktari hakunigandishia ule waya mwembamba wa nyuma ya meno ya chini anaowawekea wengi. Alinipa riteina za kuvaa na kuvua, za plastiki angavu, juu na chini. Wewe uliyegandishiwa waya una raha ya kutosahau, ila upapase kwa ulimi kila siku na upitishe uzi wa meno chini yake. Ukibanduka kwenye jino moja tu, hutasikia maumivu yoyote, na jino litaanza safari yake kimya kimya.

Agizo langu lilikuwa kuvaa saa 22 kwa siku kwa miezi sita, navua wakati wa kula na kupiga mswaki tu, halafu baada ya hapo usiku. Daktari wako anaweza kukupangia tofauti, mfuate yeye. Siku za kwanza mate yalinijaa mdomoni na herufi "s" ilinikimbia kabisa. Nikaita kwenye redio ya gari kwamba kuna simba karibu na Seronera, mwenzangu akajibu, "Chalii, umelewa asubuhi yote hii?" Dawa yake ni kusema tu. Nilikuwa nasoma mabango kwa sauti njiani, Usa River, Sanawari, Sakina, na ndani ya wiki ulimi ukazoea.

Sasa Julai. Tuko ndani ya kreta ya Ngorongoro, lile bonde la wanyama, tumesimama kula pale Ngoitokitok, mahali ambapo mwewe hukunyakulia paja la kuku mkononi kabla hujalifikisha mdomoni. Kwa hiyo tunakula ndani ya gari. Nikavua riteina ya juu, nikaifunga kwenye tishu, nikaiweka kwenye kifuniko cha boksi la chakula. Kiboksi chake nilikiacha kambini. Tukamaliza kula, nikakusanya maboksi yote, nikayasokomeza kwenye gunia la taka, tukaendelea kumtafuta faru.

Nilishtuka jioni, tumeshapanda ukingoni, mgeni mmoja aliponitania na mimi nikatabasamu. Ulimi ukagusa jino badala ya plastiki.

Nikamwaga gunia lote nyuma ya jiko la kambi, na tochi kichwani. Mifupa, maganda ya mayai na ya ndizi, na tishu, Mungu wangu, tishu zilivyo nyingi kwa wageni sita! Mpishi akaja na mwiko mkononi, akasimama akaniangalia. "Kaka, umepoteza pete ya ndoa?" Nikamwambia nimepoteza meno. Akachuchumaa tukatafuta wote. Tuliipata kwenye tishu ya kumi na kitu, ina mafuta ya kuku na mchanga.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kwanza. Nikawaza vijidudu. Ukingoni kule Julai ni baridi ya kung'ata, maji ya bombani huyagusi, na chupa ya chai ilikuwa pembeni imejaa maji ya moto. Nikaimiminia. Haikuyeyuka, wala sikuona kitu kwa macho. Ilijikunja kidogo tu. Nilipoivaa, upande wa kulia ulikaa na wa kushoto ukabaki juu. Nikaing'ata ili iingie. Ikalia "ka!" ikapata ufa.

Tulikuwa na siku nne zaidi za safari. Niliporudi Arusha, daktari alinionyesha kwenye kioo jino la mbele lililoanza kugeuka, akachukua chapa ya meno upya ili nitengenezewe nyingine, na sehemu kubwa ya tipu ya safari ile ikaishia mezani kwake. Hakunigombeza. Alinieleza tu kile ambacho mwezi Mei kilipitia sikio moja kikatokea la pili. Breisi zikisogeza jino, mfupa unaolizunguka bado mchanga, na nyuzi za fizi zilizovutwa zinataka kurudi zilikotoka kama mpira wa manati. Mfupa unachukua miezi kukomaa, nyuzi zile zinaweza kuchukua hata mwaka. Nikamwelewa kwa lugha ya kwetu: nguzo uliyochimbia leo huining'inizii geti leo.

Kwa hiyo maji ya baridi, au vuguvugu kidogo tu, basi. Mimi naosha kila navyovua: mswaki laini wa peke yake na tone la sabuni ya vyombo isiyo na harufu kali. Dawa ya meno niliacha, ina chengachenga zinazokwaruza plastiki, na kwenye mikwaruzo ndiko ukoga na harufu vinakojificha. Ikianza kuota weupe mgumu, niliambiwa niiloweke kidogo kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha niisuuze sana. Dawa ya kung'arishia nguo usiiguse, hasa kama yako ni ile ya waya na plastiki ya pinki. Kuivaa, isukume kwa vidole. Kuivua, anzia kwenye magego, pande zote mbili. Na ukiwa nayo mdomoni kunywa maji tu. Chai ya maziwa yenye sukari ikiingia humo ndani inakaa imeyakumbatia meno saa nzima.

Mbwa nao. Wanapenda harufu ya mate. Wa jirani yangu alitafuna ya chini ya binti yake, wakabaki na vipande vitatu.

Watu huniuliza mwisho ni lini. Usiku, mimi nimeshakubali kuwa ni maisha. Meno ya chini ya mbele husongamana na umri hata kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa breisi, na wala usilisingizie gego la mwisho kama wengi wanavyofanya.

Mwezi uliopita mwenzangu wa kazini alikuta riteina yake kwenye droo wakati anahama nyumba. Miaka mitatu hajaivaa. Akataka kuilazimisha palepale mbele yangu, nikamshika mkono. Ikiingia yote ikabana kidogo, vaa. Ikigoma kukaa, iache uende ukaonwe. Akaenda. Jino moja la chini limegeuka upande kama mtu anayechungulia dirishani, na kulirudisha ni breisi tena. Akasema hapana, atalizoea, akatengenezewa mpya ya kuyashika yalivyo sasa. Juzi nimepanda gari lake nikakuta kiboksi amekitupa juu ya dashibodi, jua la saa saba linakipiga. Nimekitoa nikakitia kwenye mfuko wake wa shati.