Jibu: Kwa nini jeti zinatoka nyeusi kwenye picha

Mkuu, umeuliza kwa nini ndege ulizopiga picha Fairford, Uingereza, zilitoka vivuli vitupu, na kama lenzi ya zumu ya milimita 70-300 inatosha kwa RIAT, maonyesho ya ndege za kijeshi ya pale kila Julai. Lenzi inatosha, usiuze figo. Shida ni anga. Kamera ikiona mawingu meupe ya Uingereza yamejaa fremu, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na Typhoon, jeti ya kivita ya kijivu, inageuka mkaa. Kwenye kamera, ongeza fidia ya ekspoja, yaani mwanga inaoupokea, hadi +0.7 au +1. Anga likiwa la buluu, rudi karibu na sifuri.

Spidi ya shata kwa jeti iwe 1/1600 au zaidi, fokasi ya kufuatilia, picha mfululizo. Spitfire, ndege ya kivita ya zamani ya pangaboi, ikipita shuka hadi 1/250, la sivyo pangaboi linaganda na ndege inaonekana imezimika hewani. Miguu ielekeze pale unapotaka kupigia, kisha zungusha kiuno kuifuata ndege tangu ikiwa mbali. Wengi husubiri ifike mbele yao. Wanabaki na picha za mkia.

Hali ya hewa ya unyevu watu huilalamikia bure. Jeti ya kivita kama F-16 ikikata kona kali siku hiyo, mvuke mweupe hulipuka juu ya mbawa kwa sekunde moja hivi, basi kidole kisitoke kwenye kitufe. Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Uingereza, wakiwa wote 9, rudisha zumu hadi 70 waingie kwenye fremu.

Ila jeti iliyo chini, mbali, jua la mchana? Joto la lami linaivuruga picha, hata lenzi ya mamilioni haisaidii. Kanywe chai. Na vizibo vya masikio usisahau.