"Unganisha ardhini" au "unganisha na ardhi"?

SWALI: Mimi ni fundi mitambo, niko Pongwe, Tanga. Naandika mwongozo wa kuunganisha vihisi joto vya tanuri la chokaa kwenye kifaa cha kukusanyia data. Kwa "analog inputs", yaani matundu ya kifaa yanayopokea volti za vihisi, mwenzangu anataka niandike "pembejeo za analojia". Tena nilipoandika "unganisha waya hasi ardhini" akasema sharti iwe "na ardhi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Pembejeo mwachieni mkulima. Neno limeshazoeleka kwa mbegu, mbolea na dawa. Andika "ingizo la analojia", wingi "maingizo", yatosha.

Kesi iko kwenye ardhi. Ile -ni ya "ardhini" hutaja mahali: udongoni, ilipochimbiwa nondo ya shaba. Fundi akisoma "unganisha ardhini" atautafuta waya wa athi, yaani ule unaoshuka udongoni, na atakuwa amekutii sawasawa. "Na ardhi" haitaji mahali popote. Yaweza kuwa nondo ile, bodi ya tanuri, au tundu la kifaa ambalo vipimo vyote huanzia. Kwa hiyo mwenzako amekuletea maneno yenye ukungu, nawe umeandika maneno yaliyo wazi lakini nashuku siyo uliyoyakusudia.

Nashuku kwa sababu ya kazi yenyewe. Themokapo, yaani kihisi joto cha waya mbili za metali tofauti, ikiwa ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 tu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kiasi kidogo mno. Ikiwa ncha yake imechomelewa kwenye chuma cha tanuri, imeshafika ardhini kwa njia hiyo. Ukiufunga waya hasi kwenye ardhi mara ya pili upande wa kifaa, ardhi hizo mbili aghalabu hazilingani volti; tofauti yake itasukuma mkondo ndani ya waya na vipimo vitavurugwa na umeme wa hezi 50. Hapo waya zote mbili ziingie kwenye chaneli moja, yaani ingizo moja la kifaa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, basi. Lakini ncha ikiwa imekingwa isiguse chuma, waya zinaelea, yaani hazijaungwa na ardhi yoyote, na kipimo huweza kuhamahama hadi upande hasi upewe njia ya kwenda kwenye tundu lile la kifaa kupitia rezista, kwa kawaida ya kiloohmu 10 hadi 100.

Neno moja haliwezi kubeba vitu viwili hivyo. Cha udongoni kiite "athi", kama wasemavyo mafundi. Sioni haya kulichapisha. Cha kwenye kifaa kiite "sifuri ya kifaa", ukilieleza mara moja mwanzoni mwa mwongozo. Na pale penye pande mbili tumia "kati ya", maana "unganisha hiki na hiki" huficha kilicho katikati.

Kwa kihisi kinachoelea, basi, ningeandika: "Funga rezista ya kiloohmu 10 kati ya waya hasi na sifuri ya kifaa. Waya hasi usiguse athi."