Kutaja wanyama kwa dakika moja si mtihani wa akili

Dada uliyeuliza kwa nini mzee wako, baada ya kiharusi, aliambiwa ataje wanyama kwa dakika moja, kisha maneno yanayoanza na herufi fulani: hawakuwa wanampima kama ana akili. Wanaangalia ubongo unavyotafuta maneno ukibanwa na muda.

Mtu mzima mwenye afya huenda kwa mafungu. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda... akikaukiwa anahamia porini: simba, fisi, twiga. Huko kuhama ndiko kwenye siri. Aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo, hasa kushoto, mara nyingi hukwama fungu moja au hutaja mbuzi mara tatu, na herufi humtesa zaidi. Akiumia pembeni, usawa wa sikio, wanyama ndio huwa wagumu, maana ghala lenyewe la majina limeguswa. Si lazima iwe hivyo kwa kila mgonjwa.

Uliza pia walitumia herufi gani. Kwa Kiingereza wamezoea F, A na S. Kwetu haziwezi kuhamishwa hivi hivi: mpe mtu M, atamwaga mpishi, mvuvi, mkulima, mchezaji, dakika inaisha hajatoka jasho! Na kama mzee hakukaa sana darasani, herufi zingemshinda hata kabla ya kuugua. Mimi ningetazama zaidi alama zake za wanyama, na kama zitapanda akirudia zoezi miezi kadhaa baadaye.