Ukienda Berat, lala hukohuko ngomeni

Watu wanaopanga kwenda Albania wananiulizaga Berat waone nini, na jibu langu la kwanza ni moja tu, usiende kwa siku moja. Mi mara ya kwanza nilifanya hivyo, nikapanda basi dogo mji mkuu Tirana asubuhi nikafika jua la utosi, miguuni viatu vya soli laini, na ile njia ya kupanda ngomeni ni mawe matupu, yamekanyagwa miaka na miaka mpaka yanang'aa kama yamepakwa mafuta, nikateleza nikachubuka goti na nusu ya mji sikuiona. Iliniuma sana. Mara ya pili nikakaa siku tatu, hapo ndo nikaielewa Berat.

Anza na ngome, wenyewe wanaiita Kala. Sisi tumezoea ngome kama Ngome Kongwe ya Unguja, unaingia unazunguka unatoka, lakini Kala watu wanaishi mpaka leo, nguo zimeanikwa, bibi kakaa mlangoni kwake na vitambaa vyake vyeupe kavitandaza ukutani anauza. Kuna gesti humohumo ndani, chukua chumba, maana wageni wa mchana wakishashuka vichochoro vyote vinabaki vyako.

Usikose makumbusho ya Onufri, yapo ndani ya kanisa la Bikira Maria. Huyu alikuwa mchoraji wa picha takatifu karne ya 16 na alisifika kwa rangi yake nyekundu, nami niliisogelea picha moja nikaikodolea macho mpaka nikasahau muda, ni nyekundu inayowaka kwa ndani kama kaa la moto. Halafu shuka kidogo mpaka kanisa la Utatu Mtakatifu, dogo, la matofali na mawe, limekaa kwenye mteremko bonde zima liko chini yake. Ukikuta limefungwa usikate tamaa, ulizia majirani mwenye ufunguo ni nani.

Chini mtaa wa Mangalem ndo ule wa nyumba zenye madirisha mengi yaliyopangana, unaouona kwenye kila picha ya Berat. Hapo nenda Msikiti wa Mfalme wa karne ya 15, na pembeni yake ingia zawia, nyumba ya ibada ya masufi wa tarika ya Halveti, iliyojengwa 1782, inua kichwa uangalie dari, mbao zimechongwa zikanakshiwa dhahabu, na ukikumbuka kwamba mwaka 1967 serikali ilipiga marufuku dini zote nchini, misikiti na makanisa yote yakafungwa, unashukuru tu kuiona bado ipo. Berat ilikuwa imeshatangazwa mji wa makumbusho, yaani wa kuhifadhiwa, tangu 1961, na 2008 ikaingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Msikiti wa Risasi, risasi ya madini siyo ya bunduki, upo mjini, upitie tu. Ila ile Injili maarufu ya Berat ya karne ya 6, iliyoandikwa kwa herufi za fedha kwenye ngozi ya zambarau, usiitafute Berat, imehifadhiwa Tirana.

Jioni vuka daraja la Gorica, la mawe, la mwaka 1780, ukae ng'ambo ya mto Osum. Jua likizama madirisha ya Mangalem yanashika moto moja baada ya jingine, subiri mpaka la mwisho lizimike ndo upande zako ngomeni, polepole, na viatu vyenye meno.